Boxer au skuta, kijiweni au chuoni: wapi utajifunza kusimama?

Kuondoa pikipiki ni kazi ya alasiri moja. Mtu aliyezoea baiskeli ataelekezwa saa tisa, na kabla ya magharibi atakuwa anazunguka uwanja wa shule kwa gia ya pili huku anacheka peke yake. Hapo wengi huhesabu kwamba wameshajua. Kuisimamisha pikipiki hiyo ghafla, mtoto akikatisha mbele, bila kuanguka wala kugonga, ni somo jingine, na ndilo linalorukwa.

Kwa hiyo hapa tumeweka kipimo kimoja juu ya vingine vyote. Maswali ni yale anayouliza kila anayeanza: nijifunzie chombo gani, na anifundishe nani, jamaa wa kijiweni au chuo cha udereva? Jibu tunalipima kwa breki. Mifano ni ya Tanzania, na msomaji tunayemfikiria ni mtu mzima anayetaka chombo cha kwendea kazini au cha biashara ndogo, ambaye hajawahi kushika usukani wa pikipiki.

Chombo: tazama kwanza kiganja cha kushoto

Mitaani utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni pikipiki za kazi zenye klachi ya mkono: Bajaj Boxer, TVS HLX na za jamii hiyo, CC 100 hadi 150, uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi, gia nne au tano. Ya pili ina gia za mguu lakini haina leva ya klachi. Waliowahi kuendesha Honda C70 wanaijua. Ya tatu ni skuta, ambayo haina gia ya kubadilisha: ukivuta mafuta inakwenda, ukiachia inapunguza.

| | Klachi ya mkono | Gia bila leva ya klachi | Skuta |
|---|---|---|---|
| Kiganja cha kulia | mafuta, breki ya mbele | mafuta, breki ya mbele | mafuta, breki ya mbele |
| Kiganja cha kushoto | klachi | swichi tu | breki ya nyuma |
| Mguu wa kulia | breki ya nyuma | breki ya nyuma | umetulia |
| Mguu wa kushoto | gia | gia | umetulia |

Rudi kwenye mstari wa kiganja cha kushoto. Kwenye skuta kiganja hicho kinasimamisha. Kwenye Boxer kinatenganisha injini na tairi, basi. Mtu aliyezoea skuta kwa miezi sita akiazimwa Boxer, siku ya dharura vidole vyake vya kushoto vitakamata leva kwa nguvu zote. Injini itanguruma, na pikipiki itaserereka huru kama toroli kwenye mteremko, tena bila hata ule uzito wa injini uliokuwa unaishikilia. Wa Boxer akipanda skuta naye ana balaa lake: anaminya kushoto akidhani ni klachi, tairi ya nyuma inafunga, anatafuta pedeli kwa mguu wa kulia, anakanyaga ubao mtupu. Ubongo ulioshtuka haukumbuki maelezo, unarudia ulichozoea. Ndiyo maana kanuni yetu ya kwanza ni kujifunzia chombo kile kile utakachokitumia kila siku. Ukihama, rudi uwanjani kwa saa mbili kabla ya kuingia barabarani, hata kama una leseni ya miaka kumi.

Kama bado hujui utanunua kipi, anza na klachi, ingawa ni ngumu zaidi. Sababu si ile ya "ukijua klachi umejua zote", ambayo tumeonyesha sasa hivi kwamba si kweli. Sababu ni kwamba klachi ni swichi ya kuokoa. Mwanafunzi akishtuka mwili wake unarudi nyuma, mkono wa kulia unabaki umeng'ang'ania usukani, kifundo kinavutwa chini na mafuta yanaongezeka. Kadiri chombo kinavyoruka mbele ndivyo mwili unavyozidi kurudi nyuma, na mafuta yanazidi. Mwenye Boxer akiminya vidole vinne vya kushoto mchezo umekwisha: injini itapiga kelele lakini tairi haisukumwi tena. Mwenye skuta hana cha kuminya zaidi ya breki, na breki hiyo inashindana na injini.

Anayeanzia skuta basi, somo lake la kwanza ni kifundo cha mkono wa kulia. Mafuta yakiwa yamefungwa kabisa, kifundo kiwe sawa na leva au chini yake kidogo. Aliyeshika usukani kifundo kikiwa kimepanda juu ana nafasi kubwa ya kuvuta bila kukusudia. Na skuta isukumwe kwa mkono ikiwa imezimwa. Wengi huiangusha wakiwa hawajaipanda, wanaigeuza getini huku injini inawaka na kiganja kimekamata mafuta.

Skuta ina sifa zake, tusiionee. Hakuna kuzima katikati ya makutano, breki zote ziko mikononi, na miguu ina ubao wa mbele. Anayevaa gauni au kanzu anaipanda bila kuhofia nguo kunaswa na mnyororo, jambo ambalo kwenye Boxer ni hatari ya kweli: nguo ndefu ikunjwe na ikaliwe, isipepee upande wa mnyororo. Lakini tairi za skuta nyingi ni za inchi 10 au 12, wakati za pikipiki za kazi ni 17 au 18. Shimo ambalo Boxer inalipita kwa mtikisiko, skuta inaweza kulizamia. Uzito wake mwingi uko nyuma, na tumbo lake liko chini, linakwangua matuta marefu ya mitaani. Kwa anayekaa karibu na lami na kwenda mjini, skuta inatosha. Kwa anayekaa ndani, kilomita mbili za rafu rodi yenye mchanga kabla ya kufika lami, tungemkataza.

Aina ya pili ni ya kati: huzimi hovyo, na mpangilio wa breki ni ule ule wa Boxer, kwa hiyo kuhama ni rahisi. Kosa lake ni kubadilisha gia huku umevuta mafuta, inaruka. Siku hizi si rahisi kuipata ya kujifunzia, hivyo hatutakaa nayo.

Klachi inachukua muda gani kweli?

Saa tatu hadi nne zikigawanywa siku mbili, kama mwalimu hana haraka. Zoezi ni moja, nalo linachosha kuliangalia: pikipiki imewashwa kwenye sakafu tambarare, gia ya kwanza, miguu yote chini, mafuta usiyaguse. Achia klachi kidogo kidogo hadi uhisi pikipiki inataka kukuacha. Pale ndipo inapoanza kushika. Minya tena. Rudia mara ishirini. Kisha achia hadi itembee yenyewe mita tano, minya, gusa breki, simama. Boxer yenye injini iliyotulia vizuri inatembea bila tone la mafuta ya nyongeza.

Kuzima kunatokana na kuachia ile sehemu ya mwisho kwa pupa. Kuruka kunatokana na kinyume chake: umevuta mafuta mengi kisha vidole vikateleza. Wakati mwingine kosa ni la waya wa klachi. Leva iwe na mchezo wa milimita 2 hadi 3 pale inapoungana na usukani. Waya ukikazwa mno klachi inateleza na sahani zinaungua. Ukilegea mno gia zinagoma kuingia na nyutro (gia huru) haipatikani, na mwanafunzi anajilaumu bure siku nzima.

Uliza pia gia zinaingiaje kabla hujaipanda. Kuna pikipiki ambazo nyutro iko mwanzo kabisa na gia zote zinakanyagwa mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na nyingine zinainuliwa juu. Aliyezoea moja akipanda nyingine hupunguza gia akidhani anaongeza. Tairi ya nyuma inakwama ghafla, na kama yuko kwenye kona anakwenda chini.

Mwalimu: jamaa wa kijiweni au chuo

Bodaboda anayekufahamu ana vitu viwili ambavyo chuo hakina: muda, na barabara zako. Atakufuata mtaani kwenu, anajua tuta lipi halina rangi na kona ipi ina mchanga baada ya mvua. Ada yake ni mafuta, chai, na pengine hesabu ya siku kama pikipiki ina tajiri. Anaendesha saa nyingi kuliko mwalimu yeyote.

Tatizo ni kwamba anafundisha kazi yake, na kazi yake si yako. Karibu wote watakwambia, "Breki ya mbele usiiguse, itakurusha." Wana sababu. Bodaboda anabeba abiria mmoja au zaidi, na uzito huo unaikandamiza tairi ya nyuma, kwa hiyo breki ya mguu inamshikia vizuri. Anapita kwenye mchanga, ambako tairi ya mbele ikifunga unaanguka papo hapo. Na mara nyingi breki yake ya mbele imelegea hata akiibana haifanyi kitu. Kwake ushauri huo umefanya kazi. Ukiubeba wewe, uliye peke yako kwenye lami kavu, umekwishatupa karibu nusu ya uwezo wako wa kusimama.

Kosa lake la pili ni kukaa nyuma yako kama abiria huku anakuelekeza. Kilo 70 nyuma yako zinaufanya usukani kuwa mwepesi na mizani kuwa ngumu, na akinyoosha mkono kushika usukani, hakuna anayeendesha. Mwambie, kwa heshima tu, "Kaka, shuka usimame pale, nitakuja." Mwalimu wa pikipiki anatakiwa asimame chini, aone mikono na macho yako.

Chuo kinakupa alama za barabarani, nani apite kwanza kwenye kipilefti, na cheti. Kwa mujibu wa utaratibu wa Tanzania unaanza na leseni ya kujifunzia, unakwenda chuo, unapimwa na polisi wa usalama barabarani, na leseni yenyewe inatolewa kupitia TRA. Daraja A1 ni la pikipiki za chini ya CC 125, A ni la zile zinazozidi hapo. Ukinunua Boxer ya 150 huku umejaza A1, umejitengenezea mazungumzo marefu na trafiki. Kenya madaraja yamekatwa tofauti: A1 ni mopedi, A2 pikipiki ya kawaida, A3 ya kubeba abiria na vifurushi. Kwa hiyo usichukue maelezo ya shemeji wa Nairobi ukayatumia Temeke.

Udhaifu wa vyuo vingi ni kwamba vimejengwa kwa ajili ya gari, pikipiki ni nyongeza. Unapewa pikipiki moja watu wanane, unazunguka koni kwa gia ya kwanza dakika kumi, zamu imekwisha. VETA na vyuo vingine vina kozi za madereva wa pikipiki, lakini jina la kozi halitoshi. Kabla ya kulipa, nenda siku ya mazoezi ukasimame pembeni, kisha uulize:

- Nitafunga breki ya dharura nikiwa kwenye kilomita ngapi kwa saa? Jibu zuri ni 40. Jibu la "hapa hatukimbizi" maana yake hawafundishi breki.
- Watu wangapi kwa pikipiki moja? Watatu tunawaelewa. Wanane hapana.
- Saa ngapi zitakuwa barabarani, na mwalimu atakuwa wapi wakati huo? Awe nyuma yako kwenye pikipiki nyingine.
- Breki ya mbele mnaifundisha siku ya ngapi? Hili ndilo swali letu tunalolipenda, maana mwalimu asiyejua hujikanyaga hapo hapo.

Kama chuo kimejibu vizuri manne haya, kichague bila kusita, hata kikiwa ghali. Kama kimejibu mawili, kichukue kwa ajili ya sheria na cheti, halafu mazoezi ya breki uyafanye mwenyewe kwa utaratibu ulioko hapa chini, bodaboda wako akiwa amesimama pembeni kuzuia watoto na mbuzi. Kwa wengi mchanganyiko huu ndio unaowezekana. Kijiweni peke yake tusingekushauri, kwa sababu utapata ujasiri haraka kuliko ujuzi, na kwa sababu bila cheti na leseni, bima inaweza kukukana siku unayoihitaji.

Breki, hatua kwa hatua

Tafuta mita 60 za lami kavu au udongo mgumu usio na kokoto. Weka jiwe au chupa pale unapotakiwa kuanza kufunga breki. Vaa kofia ngumu, viatu vya kufunika vifundo, na glavu. Mtu akianguka hutanguliza viganja.

Anza na kilomita 20 kwa saa, gia ya pili. Ukifika kwenye chupa: achia mafuta, gusa breki zote mbili kwa pamoja, kisha ya mbele uikamue. Neno ni kukamua, kama unavyokamua chungwa, nguvu ikiongezeka polepole. Katika ile nusu sekunde ya kwanza unasubiri uzito uhamie mbele. Utahisi shokapu za mbele zinazama. Zikishazama, tairi ya mbele imekandamizwa barabarani na ina mshiko, sasa unaweza kuongeza nguvu. Anayenyakua leva yote kwa mkupuo anaifunga tairi kabla haijapata uzito, na huyo ndiye aliyerushwa kwenye simulizi za kijiweni. Breki ya mguu ibaki nyepesi, maana kadiri uzito unavyohamia mbele nyuma inakuwa nyepesi na inafunga kirahisi. Klachi iminywe mwishoni, mita mbili tatu kabla ya kusimama. Ukiiminya mwanzo umeupoteza msaada wa injini. Mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwenye breki.

Fanya mara kumi kwa 20, mara kumi kwa 30, mara kumi kwa 40. Macho yawe mbele, kwenye mti au ukuta wa mbali. Anayetazama tairi hukunja usukani bila kujua, na breki ya mbele kwenye usukani uliokunjwa ndiyo inayoangusha hata kwa mwendo wa kutembea.

Yatakayoharibika ni haya. Tairi ya nyuma inaburuza na mkia unakwenda upande: umekanyaga mno mguu, punguza taratibu huku usukani umenyooka. Tairi ya mbele inalia au usukani unakuwa mwepesi ghafla: achia leva mara moja, kisha kamua upya. Mwili unasukumwa mbele hadi viganja vinauma: bana tangi kwa magoti, mikono ibaki laini. Kwenye skuta huna tangi la kubana, basi sukuma miguu kwenye ubao wa mbele.

Kwa hesabu: kwenye 50, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka inakula mita 14 kabla hujagusa chochote. Breki zote mbili zikitumika vizuri kwenye lami kavu, utahitaji kama mita 16 zaidi, jumla 30. Kwa mguu peke yake ile 16 inakuwa kama 28, jumla 42. Tofauti ya mita 12 ni urefu wa basi kubwa.

Boxer nyingi zina breki ya ngoma mbele; skuta na baadhi ya pikipiki mpya zina breki ya diski. Ngoma inasamehe, inahitaji nguvu ya vidole vinne, na ikipita kwenye dimbwi inapoteza nguvu. Ukitoka majini shika kidogo huku unakwenda ili ikauke. Diski inauma haraka, vidole viwili vinatosha, na aliyezoea ngoma anaweza kuifunga siku ya kwanza. Kuna skuta ambazo leva ya kushoto inagusa breki za mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa anayeanza hilo ni jambo jema, lakini leva ya kulia ijue pia.

Na mchanga? Hapo bodaboda ana haki. Kwenye mchanga, kokoto au tope, punguza mapema kabla ya kuingia, gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika, breki ya mguu tu, usukani uuache ucheze kidogo wenyewe. Anayeukaza usukani kwa hofu ndiye anayeanguka. Dakika za kwanza za mvua nazo zihesabu hivyo hivyo, hasa mwanzo wa vuli, vumbi na oili ya miezi zikiwa bado hazijaoshwa.

Mwendo wa polepole

Kwenye foleni pikipiki ya klachi inashinda. Unaishika klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, na mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma. Pikipiki inatulia kama imeshikiliwa. Zoezi lake ni kuchora namba nane kubwa, kisha kuipunguza hadi ugeuze ndani ya mita sita, upana wa barabara ya njia mbili. Kichwa kigeuke kwanza, kitazame unakokwenda. Breki ya mbele usiiguse hapa.

Skuta inafanya hayo kwa mafuta na breki ya kushoto. Inawezekana, lakini klachi yake inajishikia yenyewe na kuachia yenyewe, hivyo chini ya mwendo fulani inakatika na chombo kinayumba. Ukiacha mafuta kidogo yakiendelea huku umebana kushoto, inatulia.

Kwenye kilima, mfano mitaa ya Bugando kule Mwanza au Goba Dar es Salaam, mambo yanageuka. Skuta: bana breki, vuta mafuta, achia breki, umeondoka. Boxer: mguu wa kulia kwenye breki, wa kushoto chini, achia klachi hadi ianze kushika, ongeza mafuta, ndipo mguu uachie. Ukianza kurudi nyuma, usiruke; minya klachi na breki, anza upya. Wenye honi nyuma watasubiri.

Kona

Fupi tu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kuanzia kilomita 20 kwa saa hivi, pikipiki haigeuzwi kwa kukunja usukani: ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele mkono wa kulia kidogo, pikipiki italala kulia. Wengi wanafanya hivi bila kujua. Ukijua, utalikwepa shimo kwa makusudi. Aina zote tatu ni sawa hapa, na si chuo wala kijiwe kinacholitaja mara kwa mara.

Ya kununua au ya kuazima

Pikipiki ya kuazima inaokoa fedha, ila mara nyingi ndiyo yenye breki mbovu kuliko zote mtaani. Kabla ya kujifunzia, kagua kwa dakika tano. Leva ya mbele ikibanwa isifike kwenye mshikio. Tairi zijazwe kama kibandiko kinavyosema. Kwa Boxer kawaida ni upepo wa PSI 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukibeba mtu. Mnyororo ucheze milimita 25 hadi 35 katikati, taa ya breki iwake kwa leva na kwa pedeli. Stendi ya pembeni irudi yenyewe na kubaki juu. Iliyolegea ikigusa lami kwenye kona ya kushoto inakubwaga. Kama mwenyewe anasema "ya mbele haishiki, tumia mguu", shukuru, tafuta nyingine.

Ukinunua mpya kwanza, utaiangusha ikiwa mpya. Indiketa na leva zitavunjika, hayo ni madogo. Faida ni kwamba breki zinafanya kazi na unajifunza chombo chako. Kwa anayeweza, tunapendelea hivyo. Fedha iliyobaki inunue kofia kabla ya redio na mapambo: inayofunika uso mzima, isiyozunguka kichwani ukiitikisa, kamba ikiruhusu vidole viwili tu chini ya kidevu. Kofia iliyofungwa vizuri hupunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa kama asilimia 40. Ile ya kuning'iniza mkononi haipunguzi kitu.

Lini uingie barabara kubwa

Siku ya kwanza barabarani iwe Jumapili asubuhi, mtaa usio na daladala, nusu saa. Abiria asipande katika mwezi wa kwanza, hata mkeo, hata mtoto wa jirani anayewahi shule. Mtu nyuma anabadilisha kila ulichojifunza kuhusu breki, na kumbeba ni somo linaloanza upya uwanjani.

Kabla ya kwenda Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, na malori yake, rudi kwenye chupa yako. Kilomita 40 kwa saa, breki zote mbili, usimame ndani ya mita 12, usukani umenyooka, miguu haijaburuza chini. Mara tano mfululizo. Ukikosa moja, hesabu inaanza tena kwenye moja.